Kichwa kinachouma kila wiki: Huenda chanzo ni misuli ya shingo

MAUMIVU ya kichwa ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua watu wengi zaidi duniani, na pia ni miongoni mwa yale yanayochukuliwa kwa wepesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao bilioni 3.1, sawa na takriban asilimia 40 ya wakazi wote wa dunia, walipatwa na aina mojawapo ya maradhi ya kuumwa kichwa.

Tanzania nayo haimo nje ya hesabu hiyo. Utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika vijiji vinavyoizunguka Hospitali ya Kilutheri Haydom, kaskazini mwa nchi, na kuwahusisha watu zaidi ya 7,000, ulionyesha kuwa takriban asilimia 12 kati yao walikuwa wameumwa kichwa mara kwa mara katika kipindi cha mwaka mmoja.

Kwa wakazi wa mijini, safari ya mgonjwa wa kichwa inafahamika. Huanza katika duka la dawa kwa vidonge vya kutuliza maumivu. Visipofaa hufuata kipimo cha malaria, kisha shinikizo la damu, kisha macho. Majibu yote yakirudi safi, mgonjwa huambiwa apumzike na apunguze mawazo, naye hurudi kwenye vidonge vyake. Sehemu moja ambayo mara nyingi haiguswi katika safari hiyo yote ni shingo, ingawa ndiyo inayokibeba kichwa tangu alfajiri hadi usiku.

Wataalamu wa mishipa ya fahamu na wa tiba ya viungo wamekuwa wakilifuatilia jambo hili kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1983, daktari wa mishipa ya fahamu wa Norway, Ottar Sjaastad, pamoja na wenzake, walieleza aina ya maumivu ya kichwa ambayo chanzo chake hakimo kichwani bali shingoni. Leo aina hiyo imo katika orodha rasmi ya Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa, ambayo toleo lake la tatu lilitolewa mwaka 2018. Uchunguzi alioufanya Sjaastad baadaye miongoni mwa wakazi wa Vågå, nchini mwake, ulikadiria kuwa takriban asilimia 4 ya watu wazima wanayo.

Shingo inavyokibeba kichwa

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Uzito huo umekaa juu ya pingili saba za shingo, ambazo zenyewe zisingeweza kuuhimili bila misuli. Misuli hiyo imepangwa katika tabaka mbili kuu ambazo kazi zake hazifanani.

Tabaka la nje lina misuli mikubwa na mirefu. Mmojawapo ni ule unaotoka nyuma ya sikio na kuteremka hadi kwenye kidari na mtulinga, ambao huonekana wazi mtu anapogeuza kichwa. Mwingine ni msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukasambaa begani na kushuka mgongoni. Kazi ya misuli hii ni kukisogeza kichwa kwa nguvu na kwa haraka, kisha ipumzike.

Tabaka la ndani lina misuli mifupi iliyolala juu ya pingili zenyewe. Mbele ya shingo, nyuma ya koo, ipo misuli inayokiinamisha kichwa taratibu na kuzishikilia pingili zisiyumbe. Nyuma, chini kidogo ya kisogo, ipo misuli midogo minne kila upande inayofungamanisha fuvu na pingili mbili za juu. Misuli hii midogo ina vihisi vingi mno kwa kulinganisha na ukubwa wake, na ndiyo inayoupa ubongo habari za mahali kilipo kichwa na upande kinakoelekea. Kazi ya tabaka la ndani ni ya kudumu: nguvu kidogo, muda mrefu.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Gary Hack wa Chuo Kikuu cha Maryland, walieleza kuwa mmoja wa misuli hiyo midogo ya kisogoni umeunganishwa kwa nyuzi na utando mgumu unaouzunguka uti wa mgongo. Utando huo huhisi maumivu. Tangu wakati huo uhusiano huo umetajwa kuwa mojawapo ya njia zinazoweza kuufanya mkazo wa shingo uonekane kichwani.

Kwa nini shingo iumie, kichwa kilie

Swali ambalo wengi hujiuliza ni jinsi maumivu yanavyoweza kuanzia shingoni na kusikika kwenye paji la uso au nyuma ya jicho. Jibu limo katika mpangilio wa mishipa ya fahamu.

Habari za maumivu kutoka usoni na kwenye paji hubebwa na mshipa wa tano wa fahamu wa kichwa. Habari kutoka sehemu ya juu ya shingo na kisogo hubebwa na mishipa mitatu ya kwanza ya shingo. Njia hizi mbili hukutana katika kituo kimoja, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Seli za kituo hicho hupokea habari kutoka pande zote mbili, na ubongo hauwezi kila mara kupambanua zilikotoka. Hivyo kiungo cha pingili ya pili au ya tatu kinapoumia, ubongo waweza kuyasoma maumivu yake kana kwamba yametoka kwenye jicho.

Hali hii si ngeni katika utabibu. Mgonjwa wa moyo huumwa mkono wa kushoto ilhali mkono wenyewe ni mzima. Kwa mgonjwa wa shingo, kichwa ndicho kinacholia kwa niaba ya jirani yake.

Ni muhimu kutambua kuwa njia hiyo hupitisha habari pande zote mbili. Mtu mwenye kipandauso, maradhi yanayoanzia ndani ya ubongo wenyewe, naye mara nyingi huhisi shingo kukaza na kuuma, wakati mwingine saa kadhaa kabla ya kichwa kuanza. Kwa sababu hiyo, maumivu ya shingo peke yake hayathibitishi kuwa shingo ndiyo yenye kosa.

Msuli uliokaza si msuli wenye nguvu

Kwa miaka mingi iliaminika kuwa maumivu ya kichwa ya mkazo, ambayo ndiyo ya kawaida kuliko yote, husababishwa na misuli iliyojikunja na kukataa kulegea. Hata jina lake katika orodha ya kitabibu ya mwaka 1962 lilitaja kujikunja kwa misuli. Jina hilo liliachwa katika orodha ya mwaka 1988, kwa kuwa vipimo vya umeme wa misuli havikuonyesha mkunjo wa kutosha kuyaeleza maumivu hayo.

Kilichoonekana mara kwa mara ni kwamba misuli ya kichwa na shingo ya wagonjwa hao huuma inapobonyezwa. Katika maumivu yaliyodumu, mfumo mzima wa fahamu huwa mwepesi wa kushtuka, hata mguso mdogo husomwa kuwa maumivu.

Ugunduzi mwingine ulihusu mgawanyo wa kazi kati ya tabaka mbili za misuli. Nchini Australia, mtaalamu wa tiba ya viungo Gwendolen Jull na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland walibuni kipimo rahisi. Mgonjwa hulala chali, na mfuko mdogo wa hewa huwekwa chini ya shingo yake na kujazwa hadi shinikizo la milimita 20 za zebaki. Kisha huombwa akiinamishe kichwa polepole kama anayeitikia “ndiyo”, hadi shinikizo lifike 22, kisha 24, 26, 28 na 30, huku akishikilia kila hatua kwa sekunde 10.

Mtu mwenye misuli mizuri ya ndani kwa kawaida hufika 26 au zaidi bila taabu. Wenye maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo mara nyingi hukwama katika hatua za mwanzo, na misuli mikubwa ya nje huonekana ikijitokeza kufanya kazi isiyo yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Shingo iliyokaza si lazima iwe shingo yenye nguvu. Mara nyingi ni shingo ambayo walinzi wake wa ndani wamedhoofika, na misuli ya nje, iliyoumbwa kwa kazi fupi, inalazimika kushika zamu kutwa nzima. Msuli unaofanya zamu isiyo yake huchoka, hukaza na kuuma. Kuukanda huleta nafuu ya saa chache au siku moja, kwa kuwa aliyepaswa kushika zamu bado hajarudi kazini.

Uchunguzi wa picha za MRI uliofanywa nchini Hispania na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wanawake wenye maumivu sugu ya kichwa ya mkazo walikuwa na misuli midogo ya kisogoni iliyopungua unene, wakilinganishwa na wenzao wasioumwa. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu wachache, nao haukuweza kusema kama ni udhaifu ulioleta maumivu au ni maumivu yaliyoleta udhaifu. Bila shaka kila kimoja huweza kukichochea kingine.

Jinsi ya kuzitofautisha aina tatu

Maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo kwa kawaida hukaa upande mmoja na hayahami. Huanzia kisogoni au shingoni, kisha husambaa hadi kwenye paji na jicho la upande huohuo. Huongezeka mtu anapoigeuza shingo au anapokaa muda mrefu katika mkao mmoja, na uwezo wa kugeuza kichwa hupungua.

Maumivu ya mkazo hushika pande zote mbili, kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu kuzunguka kichwa. Huwa ya wastani na hayamzuii mtu kutembea. Yakimpata mtu kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huitwa sugu.

Kipandauso hupiga kama mapigo ya moyo, mara nyingi upande mmoja ingawa huweza kuhama. Huambatana na kichefuchefu, au kuchukia mwanga na kelele, na humlazimu mgonjwa kulala gizani. Yeyote mwenye dalili hizi anahitaji tiba ya kipandauso. Mazoezi ya shingo pekee hayatamtosha.

Mtu mmoja aweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Ndiyo maana uchunguzi wa daktari hauepukiki.

Vidonge vinapogeuka kuwa chanzo

Hatari kubwa kwa mgonjwa ambaye shingo yake haijachunguzwa imo katika pakiti ya vidonge. Dawa za kutuliza maumivu zinapotumika mara nyingi mno, zenyewe huzaa maumivu mapya ya kichwa. Mgonjwa huamka kichwa kikiuma, humeza dawa, hupata nafuu fupi, kisha kichwa hurudi pale dawa inapokwisha nguvu.

Orodha ya kimataifa imeweka mipaka iliyo wazi. Kwa dawa kama parasetamoli au ibuprofeni zikitumiwa peke yake, hatari huanza pale zinapomezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa dawa zilizochanganywa, zikiwamo zenye kafeini au kodeini, mpaka ni siku 10.

Dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki zinazotumiwa kwa muda mrefu huweza pia kuleta vidonda vya tumbo, kuongeza shinikizo la damu na kudhuru figo. Aliyezoea kuzimeza kila siku amwone daktari ampangie namna ya kuacha, kwani katika siku za kwanza maumivu huweza kuongezeka kabla hayajapungua.

Mazoezi yamethibitishwa

Mwaka 2002 Jull na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wagonjwa 200 wenye maumivu ya kichwa yatokanayo na shingo. Waligawanywa katika makundi manne: waliotibiwa kwa mikono, waliofanya mazoezi ya misuli ya ndani, waliopata vyote viwili, na wasiopata tiba hizo. Tiba ilidumu wiki sita. Makundi matatu ya kwanza yalipata nafuu kubwa katika idadi na ukali wa maumivu, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi 12 baadaye.

Nchini Finland, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ukiwahusisha wanawake 180 wafanyakazi wa ofisini wenye maumivu sugu ya shingo ulionyesha kuwa mazoezi ya mwaka mmoja ya kuijenga misuli ya shingo yalifaa zaidi kuliko kujinyoosha pekee. Nchini Denmark, mwaka 2011, ilionekana kuwa hata dakika mbili za mazoezi ya mpira wa kuvuta, siku tano kwa wiki kwa wiki 10, zilipunguza maumivu ya shingo na mabega kwa wafanyakazi wa ofisini.

Zoezi la msingi halihitaji kifaa. Mtu hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, taulo jembamba likiwa chini ya kichwa. Hukiinamisha kidevu taratibu kama anayeitikia, bila kukiinua kichwa, hadi ahisi nyuma ya shingo inarefuka. Hushikilia kwa sekunde 10 huku akipumua kama kawaida, kisha hulegeza. Hurudia hadi mara 10, asubuhi na jioni. Vidole vikiwekwa pembeni mwa koo, misuli ya nje inapaswa kubaki laini. Ikikakamaa, nguvu inayotumika imezidi.

Zoezi la pili hufanywa mtu akiwa ameketi wima. Mabega huvutwa nyuma na chini kidogo, hushikiliwa kwa sekunde 10, kisha hulegezwa. Laweza kufanyika ofisini au ndani ya daladala.

Mazoezi haya hayapaswi kuleta maumivu, na matunda yake huonekana kwa wiki, si kwa siku. Mwenye jeraha la shingo, ganzi mikononi au maradhi ya mifupa asianze kabla ya kupimwa. Huduma ya tiba ya viungo hupatikana katika hospitali kubwa, zikiwamo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na Hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Simu, kompyuta na ndoo ya maji

Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kuwa kichwa kikiinama kwa nyuzi 60, kama wengi wanavyofanya wakisoma simu, mzigo unaoilemea shingo hufikia takriban kilo 27. Hesabu hiyo ilitokana na kielelezo cha kompyuta, na tafiti zilizolinganisha mkao wa kichwa na maumivu hazijakubaliana. Linaloeleweka zaidi ni kwamba misuli huchoshwa na kukaa kwa muda mrefu bila kubadili mkao, uwe mzuri au mbaya.

Shingo yenyewe si kiungo dhaifu. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kuwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu waliozoea kubeba mizigo kwa kichwa waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza nishati wanayotumia kutembea. Utafiti huo haukupima maumivu, wala si ruhusa ya kujitwika mizigo mizito. Unachoonyesha ni uwezo wa mwili uliozoezwa.

Kwa mfanyakazi wa ofisini, hatua zinazofaa ni kusimama kila baada ya nusu saa, kuinua kioo cha kompyuta kifike usawa wa macho, na kuileta simu juu badala ya kuishusha shingo. Kulala siku nzima au kuvaa kola ya shingo kwa wiki nyingi huzidi kuidhoofisha misuli. Aidha, ni hatari kukubali shingo izungushwe kwa ghafla na mtu asiye na mafunzo, iwe saluni au nyumbani, kwani mishipa ya damu inayopita humo kuelekea ubongoni huweza kuchanika na kusababisha kiharusi.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Mgonjwa afikishwe hospitalini bila kuchelewa ikiwa kichwa kimeanza ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuupata. Ikiwa ana homa na shingo iliyokakamaa, jambo linaloweza kuashiria homa ya uti wa mgongo. Ikiwa mkono au mguu umelegea, uso umepinda au maneno hayatoki. Au ikiwa maumivu yamefuata pigo la kichwa.

Tahadhari hiyohiyo yamhusu mjamzito mwenye kichwa kikali au anayeona ukungu, kwani huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Aliyevuka miaka 50 na kupatwa na maumivu ya aina mpya, na mwenye virusi vya Ukimwi au saratani, nao wasijitibu nyumbani. Kwa mwenye homa, kipimo cha malaria kinabaki kuwa hatua ya kwanza.

Wasio na dalili hizo, lakini wamekuwa wakiumwa kwa miezi au miaka, wanashauriwa kuweka kumbukumbu kwa wiki nne kabla ya kumwona daktari: tarehe, saa, upande unaouma, mahali maumivu yalipoanzia, kazi iliyokuwa ikifanyika na idadi ya vidonge vilivyomezwa. Karatasi hiyo moja humwezesha daktari kuona kama siku za dawa zimevuka mpaka, na kama maumivu huanzia shingoni. Ikionyesha hivyo, mgonjwa ana haki ya kuomba shingo yake ipimwe.